Sura ya Tano: Kilicho Chini ya Kiwanja

Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kile ambacho matangazo ya madalali wa Dar es Salaam yametuzoesha, kina mita 28 na kidogo kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala wake. Wataalamu wa afya ya mazingira hushauri kisima cha maji ya kunywa kikae angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Ukichimba kisima pembe hii na shimo pembe ile, ukabana kila kitu mpakani, bado hujafika. Na hapo hatujamtaja jirani, ambaye naye ana 20 kwa 20 yake, na ambaye shimo lake huenda liko hatua chache tu nyuma ya ukuta, upande uleule ulioutengea kisima.

Mtu anayejenga huhesabu tofali moja moja, huulizia nondo duka hadi duka, na hujua geji ya bati analolitaka. Kisima na choo huandikwa mstari wa mwisho wa bajeti, kwa kiasi cha kukisia, mara nyingi kiasi alichokisikia kwa ndugu aliyejenga mkoa mwingine. Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Bei ya bati ikipanda kutoka Dar es Salaam kwenda Newala, kilichoongezeka ni nauli. Bei ya kisima haifuati nauli. Inafuata mwamba, kina cha maji, chumvi, na umbali wa bahari au wa mlima. Kisima cha ndugu yako wa Bagamoyo hakikuambii lolote kuhusu kisima chako cha Dodoma, na choo chake hakikuambii lolote kuhusu choo chako cha Mwanza. Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba kiwanja hakina bei kamili mpaka ujue utapata wapi maji na utayapeleka wapi majitaka, na kwamba hesabu hizo mbili ni hesabu moja. Zifanye kabla ya kumlipa muuzaji.

Tuanzie Dodoma, kwa sababu tangu serikali ilipoharakisha kuhamia huko mwaka 2016 watu wengi wamenunua ardhi wasiyoijua. Chini ya udongo mwekundu wa Dodoma kuna mwamba wa zamani wa matale na jamii yake. Mwamba mzima hauna maji. Maji yamo katika tabaka la juu lililooza na kumeguka kwa mamilioni ya miaka, na katika nyufa zilizo chini yake. Ukigonga penye ufa, una kisima. Ukikosea kwa mita 50, unaweza kushuka mita 120 na kutoka na vumbi.

Simama karibu na mtambo siku ya kuchimba, usikae chini ya mti ukisubiri kuitwa. Msaidizi wa mchimbaji hukinga kwa beleshi vipande vinavyorushwa juu na hewa, akavipanga chini kwa mafungu, fungu moja kwa kila mita chache. Mafungu ya kwanza ni mekundu. Yanafuata ya kijivu na meupe, yenye chembe za ulanga zinazometa juani. Hilo ndilo tabaka lililooza, na mara nyingi maji ya kwanza huonekana hapo. Baadaye mtambo hubadilisha mlio, na kinachotoka ni vumbi jeupe kama unga. Hapo umefika kwenye mwamba mgumu. Kuanzia hapo tafuta vipande vyenye madoa ya kutu. Kutu hiyo ni alama kwamba maji yamewahi kupita, kwamba kuna ufa. Mchimbaji mzoefu akiona mita nyingi za vumbi jeupe kavu lisilo na doa hata moja, anajua kuendelea ni kubahatisha. Lakini analipwa kwa mita, kwa hiyo uamuzi wa kusimama ni wako, na unapaswa kuufanya ukiwa umesimama pale.

Malipo ya kwa mita ndiyo moyo wa gharama yote. Chukua bei ya mfano, shilingi 100,000 kwa mita, kwa ajili ya hesabu tu. Mita 40 ni milioni 4. Mita 120 ni milioni 12. Kazi ni ileile, mtambo ni uleule, tofauti ni jiolojia. Ndiyo maana ada ya mpimaji anayekuja na vifaa vya kupima ukinzani wa umeme ardhini isionekane mzigo. Yeye haoni maji. Anaona mahali ambapo tabaka lililooza ni nene na mahali ambapo huenda mwamba umepasuka, na katika nchi ya matale hayo yanatosha kukuepusha na shimo kavu. Katika mchanga wa pwani, ambako maji yapo karibu kila mahali, kazi yake kubwa ni nyingine: kukuambia chumvi inaanzia wapi.

Kabla ya kusaini, uliza bei ya mita inajumuisha nini. Wengine hutaja bei ndogo ya kutoboa, halafu mabomba ya kesingi, kokoto za kuzungushia, kusafisha kisima kwa hewa, pampu ya majaribio na vipimo vya maabara vinakuja kama ankara ya pili. Uliza kama bei ya udongo na ya mwamba ni moja. Uliza nani anabeba hasara kisima kikikauka, na jibu liandikwe. Uliza pia kibali cha bodi ya maji ya bonde. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa, na tangu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 bodi hizo ndizo zinazosimamia matumizi ya maji ya chini ya ardhi. Ofisi ya bonde ni mahali pazuri pa kuulizia jambo jingine: visima vilivyokwisha kuchimbwa karibu na kiwanja chako vilifika kina gani, na maji yake yana nini.

Dodoma ina fundisho lingine ambalo halionekani siku ya kuchimba. Jiji limeyategemea kwa miongo mingi maji ya bonde la Makutupora, ambako kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba mvua za kawaida huongeza kidogo sana. Maji hujazwa upya katika misimu michache ya mvua kubwa, na kupanda kukubwa kuliko kote kulifuata mvua za El Niño za 1997/98. Kati ya msimu mmoja mkubwa na mwingine, kinachofanyika ni kutoa. Kwa hiyo pampu isining'inizwe sentimita chache chini ya usawa wa maji ulioukuta siku ile. Mita kumi za ziada za bomba leo ni nafuu kuliko kumwita fundi baada ya miaka mitano ya mvua haba.

Ukishuka pwani kila kitu kinageuka. Maji yako karibu, na hatari ni kwenda chini kupita kiasi. Maji baridi ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kanuni inayojulikana na wataalamu ni kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inasikika kama utajiri mpaka uisome kinyume: ukivuta kwa pampu kubwa hadi maji yakashuka nusu mita na kubaki hapo, chumvi hatimaye inaweza kupanda mita 20. Mtu wa Mbezi Beach au Kigamboni anayelipia mita nyingi zaidi na pampu yenye nguvu zaidi ili awe salama anaweza kuwa ananunua chumvi. Na chumvi ikishaingia haitoki kwa kuomba. Unangoja mvua za miaka. Kisima kifupi, pampu ndogo na tenki kubwa linalojazwa taratibu usiku kucha vinafaa pwani kuliko mitambo ya kutisha. Familia ya watu sita inayotumia lita 600 kwa siku haihitaji kisima cha kutoa lita 5,000 kwa saa.

Visima virefu sana vya Kimbiji na Mpera, kusini mwa Dar es Salaam, ni habari nyingine. Vinashuka mamia ya mita kwenye mchanga wa kale, ni mradi wa serikali kwa ajili ya jiji, na mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ulionyesha kwa nini vinahitajika. Mjenzi wa kawaida asivichukulie kuwa kipimo chake.

Lamu inastahili neno moja. Maji ya visima vya mji ule yanatokana na mvua inayonywewa na matuta ya mchanga ya Shela. Anayejenga juu ya matuta hayo anajenga juu ya tenki la mji mzima, na mimi naona hakuna bei ya kiwanja inayoweza kuhalalisha jambo hilo.

Halafu kuna mahali ambapo maji yapo, ni mengi, hayana chumvi, na bado hayafai. Kuzunguka Mlima Meru na katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, miamba ya volkano huyapa maji floridi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Katika mito na visima vya Arumeru vipimo huzidi hapo mara nyingi, wakati mwingine mara kadhaa. Tazama meno ya waliokulia Maji ya Chai au Ngare Nanyuki. Rangi ile ya kahawia iliingia jino likiwa bado ndani ya fizi, utotoni, na haisuguliki. Kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapopungua sufuriani floridi inabaki, ikiwa imekolea zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na yanafanya kazi mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Kwa hiyo Arusha ongeza mstari kwenye bajeti: kipimo cha floridi kabla ya kununua pampu, na gharama ya chujio au ya maji ya mvua ya kunywa kwa maisha yote ya nyumba. Nasema maisha yote kwa sababu wanaoumia ni watoto ambao hawajazaliwa wakati unachimba.

Na kuna mahali ambapo jibu ni kutochimba kabisa. Uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Tandahimba, umekaa juu ya mchanga mnene unaomeza mvua na kuipeleka chini sana. Maji ya mabomba ya huko husukumwa kutoka mabondeni kupanda mlima. Lakini mvua ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 120, ukitoa kinachopotea, linaweza kukinga lita 96,000. Watu sita wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 87,600 kwa mwaka. Paa linatosha. Kinachogharimu ni pa kuyaweka, kwa sababu kiangazi ni kirefu: miezi sita ya lita 240 kwa siku ni zaidi ya lita 43,000. Ukiwa unajenga Newala, fedha ambayo mwenzako wa Dodoma anaizika kwenye mita 120 za mwamba wewe ijengee tenki la chini ya ardhi, lenye nondo za kutosha na niru safi ndani.

Sasa tugeukie majitaka, ambayo watu huyazungumza kwa sauti ya chini na kuyalipia kwa shingo upande.

Fahari moja husikika mara kwa mara kwa wenye nyumba: shimo langu halijawahi kujaa. Miaka kumi, kumi na mitano, halijawahi kuita gari la kunyonya. Mgeni husifu. Lakini shimo lisilojaa ni shimo linalovuja, na linavuja kuelekea mahali. Kwenye mchanga wa Kigamboni au kwenye mawe ya Unguja na Mombasa, mahali hapo ni maji yaleyale ambayo mwenye nyumba na majirani zake wanayavuta upande wa pili wa uwanja. Udongo mzuri huchuja: majitaka yanapopita polepole katikati ya chembe zake, vijidudu vingi hufa au kunaswa njiani. Jiwe la matumbawe halichuji. Lina nyufa na mapango, na maji hupita humo kama yanavyopita kwenye bomba. Zile mita 30 ni za udongo. Kwenye matumbawe hazitoshi. Kisiwa cha Mombasa, chenye mashimo na visima vilivyobanana kwa vizazi, kiliona ubaya huo mapema, na baadaye sehemu ya maji yake ya bomba ikaletwa kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 barani.

Maweni, huko Paje au Jambiani, kuchimba lenyewe ni gharama. Wachimbaji wawili hushuka na mtaimbo, nyundo na patasi, wakimega jiwe vipande vya ukubwa wa ngumi. Siku nzima inaweza kuishia kina cha goti. Bei hapo hutajwa kwa futi, na hubadilika njiani wakikutana na jiwe la buluu. Jaribu kubwa ni kusimamisha kazi mara wanapofikia ufa, kwa sababu ufa utayameza maji yote bure. Hapo ndipo uwalipe waendelee, tena uwalipe wajenge karo lenye sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta pande zote, hata kama mtaa mzima unakuambia ni kupoteza saruji.

Karo kamili ni chombo rahisi. Vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya ujazo. Kinyesi kizito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hupita kwa bomba lenye umbo la herufi T kwenda chumba cha pili, kisha kwenye shimo la kunyonyea. Kanuni ya zamani ya Kiingereza ya ujazo ni lita 180 kwa kila mtu, jumlisha 2,000. Watu wanane, lita 3,440. Ni chumba kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na fedha inayookolewa kwa kutochimba handaki ingewekwa kwenye shimo la kunyonyea, kwa sababu huko ndiko ardhi inakokubali au kukataa.

Kujua kama inakubali hakuhitaji mtaalamu. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, chini kabisa, pale ambapo majitaka yatatoka. Kijaze maji jioni, uyaache yanywewe usiku. Asubuhi jaza tena na utazame saa: maji yanachukua muda gani kushuka kutoka robo tatu hadi robo? Katika mchanga ni dakika chache, na hiyo ni ishara ya kujihadhari na kisima. Katika tifutifu ni saa moja au mbili, na hapo una ardhi ya kushukuru. Katika udongo mweusi wa mbuga unaweza kurudi mchana ukakuta maji yamekaa vilevile. Mbuga hupanuka masika na kupasuka kiangazi, huvunja kuta nyembamba za karo, na haitaki kunywa. Huko panua eneo badala ya kina: mitaro mirefu isiyo na kina yenye kokoto, na migomba juu yake ili inyonye.

Mikocheni na Msasani shida ni nyingine. Maji ya ardhini yako juu, na masika hupanda zaidi. Shimo la kunyonyea haliwezi kunyonya ndani ya maji, kwa hiyo choo hurudi ndani ya nyumba. Karo tupu lililozikwa kwenye maji huelea pia: likichukua nafasi ya mita 5 za ujazo, maji yanalisukuma juu kwa nguvu ya tani 5, na tenki la plastiki lisilofungiwa kwenye zege huchomoza ardhini siku litakaponyonywa. Jenga juu, inua sakafu ya choo, weka sakafu nzito. Na uhesabu magari ya kunyonya kama kodi ya kila mwaka. Bei ya gari hufuata umbali wa kwenda kumwaga. Aliye karibu na mabwawa ya Vingunguti hulipa tofauti na aliye pembezoni mwa jiji, ambako foleni peke yake hula nusu siku.

Asiyeweza kulipa gari huita vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo, au hutapisha choo usiku wa mvua kubwa ili mtaro uchukue. Mtaro unapita mbele ya visima vifupi vya watu. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, tulihesabu wagonjwa mtaa kwa mtaa. Hatukuhesabu mashimo, na naamini tulipaswa kuanza nayo.

Vilimani Mwanza, ambako nyumba zimekaa juu ya majabali na gari la kunyonya haliwezi kupanda, mwamba hupasuliwa kwa moto na maji baridi, na hata hivyo shimo linalopatikana ni dogo. Katika baadhi ya vilima vile mamlaka ya maji ilipitisha mabomba membamba ya majitaka kati ya nyumba na nyumba, yakifuata mteremko hadi kwenye mtandao wa mjini. Kaya hukubali bomba la jirani lipite uani kwake, na lake lipite kwa jirani. Wanaojenga pamoja kwenye viwanja vya 20 kwa 20 wangeweza kufanya vilevile hata bila mamlaka. Viwanja vinne vilivyopakana kwenye pembe moja ni eneo la mita 40 kwa 40, na mshazari wake ni mita 56 na nusu. Kisima kimoja pembe ya juu, karo moja la kaya nne pembe ya chini, na umbali wa mita 30 unapatikana na kuzidi. Gharama ya kila mita ya kuchimba inagawanywa kwa nne. Makubaliano yaandikwe kabla ya msingi wa nyumba ya kwanza kuchimbwa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yataje nani analipa umeme wa pampu, nani anaita gari karo likijaa, na kwamba atakayeuza kiwanja chake anauza pamoja na wajibu huo.